Loji imekataza wanyama na nina paka mgonjwa: nimpenyeze au nifanyeje? (Moshi, Krismasi)

#1 Mkibosho_wa_Dar
Wakuu, salaam.

Desemba tunapanda nyumbani kama kawaida, mimi, mke na watoto. Kibosho vitanda vimejaa maana ukoo mzima unapanda, kwa hiyo nimechukua nyumba ya vyumba viwili Shanty Town na nusu ya pesa nimeshalipa. Kwenye masharti yao kuna mstari mmoja: wanyama hawaruhusiwi.

Tuna paka jike, mzee, anaumwa figo. Anapewa dawa asubuhi na jioni na ana chakula chake maalumu. Dar sina wa kumwachia: dada wa nyumbani anakwenda kwao Singida, jirani anaogopa paka. Kibosho nako haiwezekani, usiku mbwa wa boma wanafunguliwa, halafu stoo ya kahawa huwekwa sumu ya panya.

Nilichopanga ni kumpitisha getini ndani ya kikapu kilichofunikwa kanga. Akae chumba kimoja, beseni lake la mchanga liwe bafuni, tukiondoka tunaacha pamesafishwa. Hana kelele na hakwarui vitu.

Naomba mnisaidie mambo mawili. Kuna aliyewahi kufanya hivi Moshi au Arusha? Na kwa nini hasa wanakataza? Mimi naamini wanaigana masharti tu, kwa mnyama msafi hakuna sababu ya maana.

#2 Chalii_wa_Kaloleni
Naweka kiti hapa, wajuzi wanakuja. Weka picha ya paka kwanza.

#3 Kijenge_Juu
Mkuu, mpitishe, getini mpe mlinzi soda yaishe. Paka si mbwa. Dada yangu huja Pasaka na paka wake, anafikia Sakina, hakuna aliyewahi kumsemesha. Siri ni moja: usiruhusu wahudumu waingie kufanya usafi chumba hicho, waambie mtoto amelala. Mchanga wa beseni unafunga kwenye mfuko, unautoa mwenyewe.

Kwa nini wanakataza? Makochi na mashuka basi. Ukiacha kitanda kisafi hujamkosea mtu.

#4 MamaLoji_Rau
Habari za humu. Mimi nina vyumba vya wageni upande wa Rau, na hili la #3 linanigusa, naomba nilijibu kwa urefu.

Kuna mgeni alikaa kwangu na paka bila kunieleza. Aliacha chumba kizuri, kitanda kimetandikwa, hata unywele mmoja sikuuona. Jioni hiyo hiyo nikampa chumba mama mmoja na binti yake mwenye pumu. Saa nane usiku nagongewa mlango, mtoto anavuta pumzi kwa shida, midomo imebadilika rangi. Tukamkimbiza hospitali na gari langu. Mama analia, mimi sielewi chanzo ni nini, nikadhani ni vumbi au dawa ya mbu. Mlinzi ndiye aliyeniambia baadaye kwamba dirishani alikuwa akimwona paka.

Kinacholeta mzio si manyoya peke yake. Kiko kwenye mate ya paka na mafuta ya ngozi yake. Akijilamba kinakauka, kinageuka vumbi laini ambalo halionekani, kinaingia kwenye godoro, pazia na zulia, na kinaweza kukaa miezi. Ufagio hauondoi. Mimi nililazimika kutoa godoro juani, kufua mapazia yote na kukifunga chumba, na ilikuwa wiki ya Krismasi ambayo ndiyo inayolipa ada za shule za wanangu.

Kwa hiyo mleta mada, usiseme hakuna sababu ya maana. Huyo binti angefariki nyumbani kwangu ningemwambia nini mama yake?

#5 Chalii_wa_Kaloleni
Pole sana mama. Ila na ninyi wenye loji Desemba bei mnazipandisha hadi mtu anaona bora alale kwenye gari.

#6 MamaLoji_Rau
@Chalii njoo mwezi wa tano, wakati wa mvua, nitakupa chumba kwa nusu bei na mtori asubuhi.

#7 Ustaadh_Majengo
Assalaam alaykum. Hapo kwenye swali la pili kuna sababu haijatajwa. Gesti nyingi za Majengo, na za Arusha pia, wenyewe ni Waislamu. Kwetu mate ya mbwa ni najisi nzito, chombo alichokilamba huoshwa mara saba, moja kati ya hizo kwa udongo. Sasa mgeni akimlaza mbwa juu ya zulia ambalo kesho mwingine atatandika mswala wake, amemharibia ibada bila mwenyewe kujua. Mtu atajuaje kama hakuambiwa?

Paka yeye si najisi, hilo linafahamika. Kwa hiyo kwa gesti za namna hiyo mleta mada angeomba tu, huenda angekubaliwa bila shida.

#8 Njiro_Yetu
Ustaadh nakuheshimu, lakini loji ya mchungaji jirani yangu nayo imekataza wanyama. Dini haitoshi kueleza.

Mimi nasema ni kelele. Mbwa akiachwa peke yake chumba kigeni atabweka mpaka mwenyewe arudi. Mtaani kwetu kuna nyumba ya wageni, familia ilitoka asubuhi kwenda Arusha National Park ikamfungia mbwa ndani. Alianza kubweka wakiwa hawajafika hata Usa River, na mbwa wote wa mtaa wakamjibu hadi magharibi. Wageni wa vyumba vingine wakadai pesa zao. Mwenye nyumba akaandika bango siku ya pili yake, na bango likasema "wanyama", halikusema "mbwa". Paka, sungura, kasuku, wote wakaingizwa humo kwa kosa la mmoja.

#9 Dereva_wa_Safari
Wadau, hamjafika kwenye mzizi. Huku kaskazini biashara ya malazi imekua kwa ajili ya hifadhi. Ndani ya hifadhi za taifa huwezi kuingia na mbwa wala paka, ni marufuku ya TANAPA, na Kilimanjaro ni hivyo hivyo. Loji za mwanzo zilijengwa kwa masharti hayo, za mjini zikafuata.

Na TANAPA hawakurupuki. Mwaka 1994 mbwa waliua simba 1,000 wa Serengeti. Si kwa meno, kwa ugonjwa.

#10 Chalii_wa_Kaloleni
Mbwa kumuua simba! Hii ya leo kali.

#11 Dkt_Mifugo_Himo
Naingia kama daktari wa mifugo. Dereva (#9) amegusa jambo la kweli, ila tuliweke sawa.

Ugonjwa unaitwa distempa, ni virusi. Mwaka 1994 takriban theluthi moja ya simba wa Serengeti walikufa, ndiyo hao wanaokadiriwa kufika elfu moja. Mbwa wa vijiji vinavyopakana na hifadhi ndio waliotajwa kuwa chanzo. Lakini baadaye ilionekana kwamba virusi havikuwa peke yao. Mwaka 1993 ulikuwa wa ukame mkali, nyati walidhoofu wakajaa kupe, simba wakala nyati hao na kupata vimelea vya damu vinavyoenezwa na kupe. Distempa ikashusha kinga, vimelea vikamaliza kazi. Mwaka 2001 simba wa Ngorongoro wakapatwa na hali kama hiyo baada ya ukame mwingine. Kwa hiyo kusema "mbwa waliua" ni kuruka nusu ya habari.

Sasa nije kwa mleta mada, maana naona wote mnaongelea loji na hakuna anayemwongelea mgonjwa.

Paka mwenye figo akisafiri kutoka Dar hadi Moshi, kilomita 560 hivi, anapungukiwa maji haraka, hasa mkishapita Korogwe na kushika njia ya Mombo na Same ambako joto la Desemba ni kali. Ondokeni alfajiri. Mpe maji kila mnaposimama. Akianza kuhema mdomo wazi, simameni kivulini, hiyo ni dalili mbaya kwa paka.

Kikapu kilichofunikwa kanga ili mlinzi asione sikiafiki. Moshi mchana wa Desemba ni joto, hewa haipiti humo, na paka aliyeogopa akichomoka getini hutamwona tena. Nimeletewa kesi za paka waliopotea, na wengi walipotelea ugenini, si kwao.

Na msimwache kwenye gari "tukamwone mapokezi mara moja". Nje kukiwa nyuzi 30, ndani ya gari lililofungwa nyuzi hupita 45 ndani ya nusu saa. Huyo ni maiti.

#12 Kijenge_Juu
Dokta shukrani. Je, akipewa kidonge cha usingizi njiani? Kuna watu hutumia piritoni, wengine Panadol ili atulie.

#13 Dkt_Mifugo_Himo
@Kijenge_Juu tafadhali sana, na wengine wote mnaosoma: PANADOL NI SUMU KWA PAKA. Mwili wake hauna uwezo wa kuivunja dawa hiyo kama wetu. Kidonge kimoja kinatosha kumuua, damu inashindwa kubeba hewa na ini linaharibika. Piritoni nayo usimpe mwenye figo kwa kukisia. Aliyemwandikia dawa za figo ndiye aulizwe.

#14 Mpare_wa_Same
Dokta asante. Wakipita Same wasimame, kivuli cha bure na maji ya kumpa paka vipo.

#15 Mlinzi_Usiku
Mimi kazi yangu ni hiyo ya getini, Arusha. Niseme kwa niaba ya wenzangu.

Mnaandika "mpe mlinzi soda". Mgeni akishaingia na mnyama na ikajulikana, mgeni anaondoka zake Dar na gari lake. Anayeitwa ofisini ni mimi. Mwenzangu mmoja alikatwa mshahara kwa mbwa mdogo aliyepita ndani ya begi la mgongoni, na ukweli ni kwamba hakumwona. Alikuwa na mtoto mchanga nyumbani. Bosi hakutaka kusikia.

Tunaona mengi kuliko mnavyodhani. Begi linalobebwa kwa mikono miwili kama mayai, mtoto anayeuliza "baba, anapumua?", mgeni anayekataa kusaidiwa mzigo. Mara nyingi tunanyamaza kwa huruma. Lakini msituweke kwenye mpango wenu.

#16 Mkibosho_wa_Dar
Nimesoma yote kwa makini, ahsanteni. Mama Loji, habari ya huyo binti imeniumiza. Mlinzi, nimekuelewa, kwa upande wako sikuwa nimefikiria kabisa.

Lakini bado sijapata jibu la swali langu. Mama anasema mzio, Ustaadh anasema najisi, Njiro kelele, Dereva hifadhi. Paka wangu hana kelele, si najisi, na Shanty Town si hifadhi. Unabaki mzio. Sasa kama ni mzio, kwa nini wasitenge chumba kimoja cha wenye wanyama, chenye sakafu tupu bila zulia?

#17 Wakili_Mtaani
Chumba cha kutenga ni wazo zuri, ila nyumba ni yake. Ukilipia umekubali masharti, huo ni mkataba chini ya Sheria ya Mikataba, Sura ya 345. Ukimwingiza paka na godoro likaharibika au chumba kikafungwa, anaweza kukudai hasara halisi aliyopata. Kukuta manyoya tu si leseni ya kuzuia amana yako yote, aonyeshe hasara.

Na upande wa pili: Sheria ya Ustawi wa Wanyama Na. 19 ya mwaka 2008 inamgusa mwenye mnyama. Kumfungia mnyama mahali anapoteseka ni kosa hata kama nia ilikuwa kumficha tu.

#18 Mrombo_Halisi
Aisee mnamzungusha huyu mtu bure. Meku, mpeleke nyumbani! Kibosho kuna shida gani? Toa sumu stooni, funga mbwa, paka alale kwa bibi jikoni karibu na moto. Sisi Rombo paka ndio walinzi wa mahindi, hakuna anayesoma masharti. Mtu anakwenda nyumbani Krismasi kulala kwenye loji, ndizi na nyama wanakula akina nani?

#19 Dkt_Mifugo_Himo
@Mrombo_Halisi sumu ukiitoa leo, panya aliyeila jana bado yupo. Anazubaa, paka anamkamata kirahisi, kisha paka anavuja damu ndani kwa ndani siku chache baadaye. Huwa naletewa hao kila msimu wa kuvuna. Mleta mada yuko sahihi kuogopa.

#20 Mrombo_Halisi
Sawa dokta, hilo sibishi. Ila mbege atakunywa wapi Shanty Town?

#21 Shangazi_Ngaramtoni
Wanangu, mimi sikubaliani na wote. Mnatafuta sababu kwenye virusi na zulia, sababu iko kwa watu. Wengi wetu tumekua tukijua mnyama analala nje. Mbwa ni wa boma, paka ni wa panya. Mgeni akimwona mbwa kwenye korido anashtuka, watoto wanapiga kelele, na wengine wamewahi kuumwa. Mdogo wangu aling'atwa tukiwa wadogo, akachomwa sindano nyingi, mpaka leo akisikia mlio wa mnyororo anavuka barabara. Mwenye loji anawafikiria hao, na hao ndio wateja wengi.

#22 Njiro_Yetu
Shangazi umesema. Na kichaa cha mbwa si hadithi huku kwetu. Ndiyo maana mimi mbwa wangu nilimchanja mara moja akiwa mdogo, yuko salama maisha yote.

#23 Dkt_Mifugo_Himo
Hapana mkuu! Chanjo ya kwanza akifikisha miezi mitatu, kisha hurudiwa kila mwaka, paka naye vilevile. Kadi ya chanjo iliyopitwa haimlindi yeyote. Mchanje wiki hii.

Na akikung'ata mbwa au paka usiyemjua, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, halafu hospitali siku hiyo hiyo upate sindano. Usisubiri uone kama utaumwa. Dalili za kichaa zikishaanza, karibu hakuna anayepona.

#24 Njiro_Yetu
Nimepokea dokta. Jumatatu nampeleka.

#25 Dereva_wa_Safari
Nirudi kwenye #11, nakubali masahihisho ya ukame. Lakini hoja yangu ya loji inabaki: huku tumejifunza kwa hifadhi.

#26 Kijenge_Juu
@Dereva, basi nieleze gesti za Kariakoo nazo zimekataza kwa sababu ya simba gani?

#27 Dereva_wa_Safari
Sikusema Kariakoo. Mada ni Moshi na Arusha, soma kichwa cha uzi.

#28 MamaLoji_Rau
Dereva hajakosea kwa baadhi yetu. Kwangu msitu wa Rau uko karibu na mbega hushuka kwenye miti ya uani. Mbwa mgeni akiwaona anapagawa, anararua wavu wa dirisha. Hilo si godoro wala mzio, ni sababu nyingine tena.

Mkibosho, nimekuwa nikiwaza swali lako la #16. Chumba cha sakafu tupu ninacho, kilikuwa stoo ya mashuka. Naweza kukitenga, lakini ni lazima nijue kabla, nione kadi ya chanjo, na unilipe usafi wa ziada. Huyo wa Shanty Town mpigie simu umweleze ugonjwa wa paka. Mtu akiniambia ukweli mapema najua pa kumweka na pa kumweka mwenye pumu.

#29 Kijenge_Juu
Ukimpigia akikataa, umeshajitangaza. Hapo hata kumpenyeza hutaweza, ataweka macho getini.

#30 Mlinzi_Usiku
@Kijenge_Juu, hayo macho unayoyasema ni mimi.

#31 Mkibosho_wa_Dar
Mrejesho: nimempigia mwenye nyumba leo. Hakukasirika. Aliuliza umri wa paka, kama amechanjwa na kama anakojoa ovyo. Nikamwambia ukweli kwamba kwa figo anakojoa mara nyingi, ila kwenye beseni lake. Anasema yeye binafsi hana neno, ila mkewe ndiye anayesimamia nyumba na wana mgeni mwingine anayeingia siku tunayoondoka, anataka kujua kwanza kama huyo mgeni ana mzio. Nasubiri. Akikataa, Mama Loji nitakutafuta faraghani.

Jambo moja, kwenye simu nilimuuliza kwa nini aliweka sharti hilo. Akajibu: "Nilivyoinunua nyumba bango lilikuwepo."

#32 Kijenge_Juu
Si ulisema tangu #1 kwamba wanaigana! Umeshinda.

#33 Shangazi_Ngaramtoni
Hajashinda kitu. Aliyelitundika hilo bango mwanzo alikuwa na sababu yake, hatukuwepo.

#34 Wakili_Mtaani
Na bango lililorithiwa likishaingia kwenye masharti uliyokubali, linakufunga vilevile. Mkibosho, akikubali mwambie aandike, hata ujumbe mfupi wa simu unatosha.

#35 Tengeru_Bustanini
Nimechelewa kufika. Mimi nina nyumba ndogo mbili za wageni Tengeru, karibu na ziwa Duluti. Paka nampokea tangu zamani kwa maelewano. Mbwa simpokei kabisa, na sababu yangu haimo kwenye yote mliyoandika: nafuga kuku wa mayai nyuma ya nyumba, na mbwa akizunguka banda usiku kucha wakashtuka, mayai yanashuka wiki nzima. Dokta, kuna namna ya kuwazoesha, au nijenge ukuta?